Sidii Yafia Sandukuni, Mtoto Achapwa Bure

Juma hili naanza na kesi. Haikuamuliwa mahakamani, iliamuliwa barazani kwa watu, jioni, baada ya chakula. Mtoto wa kiume wa miaka tisa alichapwa fimbo nne kwa kosa la kuharibu mali ya bibi yake. Mimi nilifika siku tatu baadaye, hukumu imekwisha pita, nami nikaona kwamba ushahidi wake ulikuwa mbovu. Ndiyo maana nawaletea habari hii, kwa kuwa yawezekana katika nyumba yako pia yuko mtu anayeshitakiwa kwa kosa lilelile.

Habari yenyewe ni hii. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa na sidii moja aliyoitunza kama hati ya shamba. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mume wake, akiwausia wanawe na wajukuu siku waliposherehekea miaka hamsini ya ndoa yao. Mzee alifariki miaka miwili baada ya sherehe ile. Sidii ikatiwa katika bahasha ya karatasi, ikazungushiwa kanga, ikalazwa chini kabisa ya sanduku. Kila mwaka ilitolewa mara moja tu, siku ya kumkumbuka mzee. Mwaka huu ilipotolewa, mashine iliizungusha, ikanguruma kidogo, kisha ikaikataa. Wakaipeleka kwa jirani, ikakataliwa tena. Wakaigeuza wakautazama upande wa chini, ule unaong'aa. Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Basi ikasemwa kwamba mtoto yule, aliyewahi kuonekana akifungua sanduku la bibi kutafuta pipi, ndiye aliyeichezea.

"Baba, mimi sikuishika," akasema mtoto.

Hakusadikiwa. Je, ndugu msomaji, wewe ungemsadiki? Twajua kwamba mahindi huliwa na dumuzi, na nguo huliwa na nondo. Twajua kwamba kaseti za zamani zilikuwa zikimeza utepe wake zenyewe. Lakini sidii? Sidii tuliambiwa kwamba haifi, isipokuwa imekwaruzwa au imevunjwa. Kama imekufa, lazima yuko aliyeiua.

Na ni kweli tuliambiwa hivyo. Sidii za kwanza za kuuzwa zilitoka kiwandani Langenhagen, karibu na mji wa Hannover huko Ujerumani, mwezi wa Agosti 1982. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo zikaanza kuuzwa Japani. Waliozibuni ni kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na matangazo yake yaliwaahidi watu sauti kamilifu ya milele. Wanunuzi walisadiki, wala hawakuwa wajinga. Santuri ya zamani hukwanguliwa na sindano kila inapopigwa. Kaseti husuguliwa na kichwa cha mashine. Sidii haiguswi na kitu chochote ila mwanga. Kitu kisichoguswa kitachakaaje?

Ili tupate jibu, yafaa tuipasue sidii tuone tumbo lake.

Ukiitazama waiona kama kitu kimoja. Sivyo, ni vitu vinne vilivyolaliana. Cha kwanza ni plastiki safi kama kioo, iitwayo polikaboneti. Sidii ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki hiyo. Juu ya plastiki, yaani kwenye upande wa maandishi na si kwenye upande unaong'aa, kiwanda hukandamiza vishimo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vimepangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama ukili unavyozungushwa kushona kikapu. Mistari hiyo imesongamana hata kati ya mzunguko mmoja na wa pili hakuna nafasi ya elfu mbili za milimita. Ukiweza kuunyoosha mstari wa sidii iliyojaa utapata kilomita tano na zaidi. Vishimo hivyo ndivyo nyimbo, ndivyo hotuba, ndivyo sauti ya yule mzee.

Lakini vishimo peke yake havisomeki, kwa maana plastiki hupitisha mwanga. Kwa hiyo juu yake hutandazwa utando wa madini, mara nyingi alumini, uwe kioo cha kurudisha mwanga. Huu ndio kitu cha pili. Utando huu ni mwembamba ajabu: ukipanga tando elfu kumi za namna hiyo, moja juu ya nyingine, hutapita milimita moja. Mashine ya kupigia hupeleka mwali mwembamba wa leza kutoka chini. Mwali wapenya plastiki, wafika kwenye vishimo, wagonga alumini, warudi. Panapo kishimo warudi hafifu; pasipo kishimo warudi na nguvu. Mashine yasoma mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa sauti.

Kitu cha tatu ni vanishi inayopakwa juu ya alumini ili kuikinga na hewa. Unene wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita, au pungufu. Kitu cha nne ni wino wa maandishi na picha, basi.

Sasa umeona tulivyodanganyika? Upande wa chini, ule tunaouogopa na kuwakataza watoto wasiuguse, una ngao ya plastiki zaidi ya milimita moja. Upande wa juu, ule tunaouandika kwa kalamu na kuulaza mezani bila wasiwasi, una vanishi tu. Mkwaruzo wa chini mara nyingi hausumbui, na mafundi wengine huweza hata kuusugua ukatoweka. Mkwaruzo wa juu ukipenya vanishi huchukua alumini pamoja na sauti, wala hakuna fundi wa kuirudisha.

Hata hivyo sidii ya bibi haikuwa na mkwaruzo popote, chini wala juu. Hapo ndipo tunapofika kwenye shina la jambo. Kama vanishi haikupakwa vizuri kiwandani, kama imeacha tundu dogo ukingoni, au kama dawa yake si ile inayofaa, hewa na unyevu huingia polepole, na madini hushika kutu. Utasema, mbona sufuria ya alumini haishiki kutu? Hushika, ila kutu yake haionekani nyekundu kama ya jembe. Ni ngozi nyembamba isiyong'aa, na chini yake sufuria hubaki nzima kwa kuwa ni nene. Katika sidii hakuna unene wa kubaki. Ngozi ile ikila kidogo tu, imekwisha maliza yote, na mahali palipokuwa na kioo pamekuwa dirisha. Mwali wa leza wapita wala haurudi.

Watengenezaji walikwisha pata onyo mapema. Kabla ya sidii, Marekani walikuwa wakiuza tangu 1978 sahani kubwa za sinema, zenye upana wa sentimita 30, zisomwazo kwa leza vilevile. Zilifanywa kwa vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi. Nyingine gundi yake haikuziba sawasawa, hewa ikaingia, alumini ikafifia, na picha ikajaa chembechembe kama mvua ya nyota. Wenyewe waliuita ugonjwa huo kuoza kwa leza.

Lakini kisa kinachojulikana kuliko vyote upande wa sidii ni cha mji wa Blackburn, jimbo la Lancashire, huko Uingereza. Pale palikuwa na kiwanda kikubwa cha PDO, kampuni ya ushirika wa Philips na Du Pont ya Marekani. Kampuni nyingi ndogo za muziki hazikuwa na mitambo yao wenyewe. Zilipeleka kazi zao Blackburn kupigwa chapa. Nyingi zilikuwa za muziki wa kale wa Ulaya, wa vinanda na kwaya, ambao wapenzi wake ni watu watunzaji sana. Hyperion ya London ilikuwa mojawapo.

Baada ya miaka michache watunzaji wale waliona jambo la kushangaza. Sidii zao, zisizokuwa na mkwaruzo wala vumbi, zilianza kugeuka rangi. Ule weupe wa fedha ukawa wa manjano, kisha wa shaba, kisha wa kahawia kama chai ya rangi. Mara nyingi rangi ilianza ukingoni ikaelekea katikati. Kisha masikio yakasikia: mlio mdogo nyuma ya muziki, ta-ta-ta, kama kuni mbichi motoni. Mlio ukazidi, nyimbo zikaruka, mwisho mashine ikakataa. Na kwa kuwa sidii husomwa kutoka katikati kwenda nje, nyimbo za mwisho ndizo zilizotangulia kufa.

Walichunguza, na kiwanda chenyewe kikakiri. Kosa lilikuwa katika vanishi. Ile iliyotumika kwa sidii kadhaa zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1993 haikuweza kustahimili salfa. Nayo salfa ilitoka wapi? Ilitoka katika karatasi! Kila sidii iliuzwa pamoja na kijitabu chake cha maelezo, ndani ya kasha lake. Karatasi ile ilikuwa na salfa kidogo. Wakulima wa korosho waijua salfa, ndiyo ile wanayopulizia mikorosho yao. Basi asili ni hiyohiyo, ila kwa kiasi kidogo sana. Ikapenya vanishi, ikayala madini.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu aliyeitupa sidii yake ovyo kando ya redio, bila kasha wala kijitabu, huenda aliiepusha na sumu. Yule mtunzaji aliyeirudisha kila mara katika kasha, pamoja na kijitabu chake safi, alikuwa akiilaza kitanda kimoja na adui wake. Sisemi kwamba uvivu ni bora, la. Nasema tu kwamba utunzaji wote wa mwenye mali hauwezi kushinda kosa lililoingia kiwandani. Ndivyo ilivyo kwa nyumba pia: ukiijenga juu ya kichuguu, hata ukifagia kila siku mchwa hawatahama.

Haki itendeke kwa kiwanda nacho: hakikukataa. Kwa miaka kadhaa wenye sidii za shaba waliweza kuzipeleka na kupewa nyingine bure. Mlango huo umekwisha fungwa siku nyingi. Zilizobaki bado zatambulikana, kwa kuwa kwenye duara la ndani, karibu na tundu la katikati, zimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba zimetengenezwa Uingereza na PDO. Si zote zenye maandishi hayo zilizo wagonjwa. Ni baadhi yake. Kama mtoto wako aliyesoma Ulaya, au mgeni fulani, amekuachia sidii za muziki wa miaka ile, zitazame duara hilo.

Wala usidhani kwamba mambo haya yalikwisha na Blackburn. Mwaka 2025 kampuni ya sinema ya Warner Bros. ya Marekani ilikiri kwamba baadhi ya dividii zake, zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008, zimekuwa zikiharibika zenyewe. Katika dividii madini hukaa katikati ya plastiki mbili, na huwa salama zaidi kwa mikwaruzo. Lakini tena huitegemea gundi.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze kwa kituo, kwa sababu ndilo linalowadanganya watu wengi. Mtu huniambia, "Sidii yangu yapiga vizuri, kwa hiyo ni nzima." Hiyo si hoja. Waliobuni sidii walijua kwamba vumbi na mikwaruzo havikosekani duniani. Kwa hiyo hawakuiandika sauti kwa mfululizo tu. Waliichanganya na kuitawanya, wakatia na hesabu za ziada, ili pengo likitokea mashine ipige hesabu na kulijaza yenyewe. Ufundi wa hesabu hizo ulitangazwa mwaka 1960 na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, zamani kabla ya sidii kuwako. Ni kama mimi nikikuandikia K-RIBU NYU-BANI. Herufi mbili hazipo, nawe umesoma bila kusita. Mashine ya sidii hufanya hivyo maelfu ya mara, wala haikwambii. Yaweza kuruka pengo la milimita mbili katika mstari nawe usisikie lolote.

Waona basi hatari yake? Kaseti ilipoanza kuzeeka ilikuonya: sauti ilififia, ikavuta, ukapata nafasi ya kunakili. Sidii huficha ugonjwa wake. Kutu yala huku, yala kule, mashine yajaza, yajaza, nawe wafurahi. Siku matundu yatakapozidi uwezo wa hesabu zile, kimya! Mwaka jana ilipiga. Mwaka huu imekataa. Na mtu wa karibu huchapwa.

Sasa nirudi kwa sidii ya bibi, kwa maana yeye hakununua sidii ya Uingereza. Yake ni ya kuchomwa, kama zilivyo karibu zote tulizo nazo vijijini za harusi, za misiba na za kwaya zetu. Fundi wa mjini huchukua sidii tupu na kuichoma kwa kompyuta. Hizi hazina vishimo vya kiwandani. Chini ya madini yake mna rangi nyembamba, na leza ya kompyuta huiunguza rangi hiyo ili kuweka alama. Kwa hiyo zina magonjwa yote ya sidii za kiwandani, na moja la ziada: rangi hufifia. Jua huimaliza upesi, na joto pia. Sidii ya kuchomwa iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari au dirishani haihitaji kosa la kiwanda ili ife. Tena kuna rangi nzuri na rangi hafifu, nawe mnunuzi huna njia ya kuzipambanua kwa macho, na fundi aliyenunua boksi la bei nafuu mara nyingi hana.

Nilimwomba bibi anionyeshe sidii. Niliishika kwa ukingo nikaiinua mlangoni, ili mwanga wa nje uipitie. Wajukuu wote walikuja kutazama. Ilikuwa kama chekeche: vitundu vya mwanga, vingi, vimetapakaa. Na karibu na ukingo palikuwa na dirisha lenye ukubwa wa punje ya hindi, ambapo ungeweza kuona kidole changu upande wa pili. Juu yake fundi alikuwa amebandika picha ya bibi na babu kwa karatasi ya gundi, nzuri kweli. Karatasi ile ilikuwa imevuta unyevu wa miaka mingi ikajikunja kidogo ukingoni, na ilipojikunja ikainua vanishi, na vanishi ikang'oa madini. Penye dirisha, picha ilikuwa imejitenga na plastiki, na madini yamegandamana nyuma ya picha. Lakini uso wa picha ulikuwa mzima. Nikamwuliza baba wa mtoto: mkono wa mtoto utaingiaje chini ya karatasi, uchote madini, utoke, usiache alama?

Alinyamaza. Mimi pia sikuongeza neno.

Nanyi wasomaji, fanyeni hivyo jioni hii. Toeni sidii zote za nyumbani, hasa zile zisizouzwa dukani, zenye sauti za watu wenu. Moja moja, ishike kwa ukingo na tundu la katikati, uiinue mbele ya taa au tochi. Msitazame jua lenyewe, mtaumiza macho. Kitundu kimoja au viwili huenda vilikuwako tangu kiwandani, na mashine huvijaza. Vikiwa vingi, au vikiwa vimeongezeka tangu ulipotazama mara ya mwisho, usingoje. Ukiona rangi ya shaba ikitambaa kutoka ukingoni, usingoje hata juma moja. Karatasi ya picha iliyojikunja usiibandue kwa mkono, kwa maana utaibandua pamoja na sauti. Iache ilivyo, unakili kwanza.

Dawa ya kuponya hakuna. Nasema wazi kwa sababu wako watu watakaokuuzia dawa ya meno ya kupaka, na mafuta ya kusugua. Hayo huenda yakasaidia kidogo mkwaruzo wa upande wa chini. Madini yaliyokwisha liwa hayarudi kwa kupakwa kitu chochote. Kinachowezekana ni kimoja: kunakili wakati bado inasomeka. Mpelekee fundi mwenye kompyuta yenye sehemu ya kutia sidii. Kompyuta mpya nyingi hazina sehemu hiyo tena, kwa hiyo nayo ni sababu ya kufanya haraka. Mwambie anakili kwenye flashi mbili, si moja, na flashi ya pili ikae nyumba nyingine, kwa mtoto wako aliyeolewa au kwa kaka. Flashi nayo si ya milele. Izungushe, isikilize kila mwaka, na baada ya miaka michache ihamishie kwenye nyingine. Simu za watoto nazo zisaidie: sauti ikiwa katika simu tano ni vigumu ipotee zote siku moja.

Zile mtakazoendelea kuziweka, zisimamisheni wima katika kasha gumu la plastiki, mahali pakavu penye giza na pasipo joto, mbali na bati na mbali na jiko. Bahasha ya karatasi haifai kwa miaka mingi. Mkiandika, andikeni karibu na tundu la katikati kwa kalamu laini ya wino wa maji, wala si kwa kalamu ya risasi. Msibandike kitu. Mkipangusa, pangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo wa kuzunguka hufuata mstari wa sauti na kuumaliza.

Sidii ya bibi ilipelekwa mjini. Mashine ya kwanza iliikataa, ya pili ikaikataa. Fundi wa tatu alikuwa na kompyuta kuukuu, akaiamuru isome polepole sana, ikachukua karibu saa tatu. Msiache kujaribu mashine nyingine, kwa maana hazifanani kwa macho. Nyimbo zote za sherehe zilipatikana, kwa kuwa ziko upande wa katikati. Wosia wa mzee ulikuwa wa mwisho, ukingoni. Zilipatikana dakika sita za mwanzo, zilizobaki zimepotea. Katika dakika hizo mzee anawataja wanawe wote kwa majina, na anaanza kuueleza mpaka wa shamba la bondeni, kisha pakatika. Mpaka ule sasa wanaukumbuka kila mtu kwa namna yake, na hiyo ni kesi nyingine ambayo sitaiandika hapa.

Baba alimwita mwanawe mbele ya bibi akamwomba radhi. Nasikia mtoto alijibu kwamba fimbo ameisamehe, lakini kwamba kweli alikuwa amechukua pipi mbili.